Umri na Safari: Maelezo juu ya Kuhama kwa Watu katika Tanga na Pwani ya Kaskazini

Walimu wa vijijini husikika mara nyingi wakilalamika kwamba vijana wamekwisha, na ya kuwa kijiji kimebaki na wazee na watoto. Walimu wa mjini nao hulalamika kinyume chake, wakisema kwamba vijana wamejaa tele, wala hakuna wazee wa kuwaonya. Malalamiko haya mawili ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili. Tena ni jambo lenye kanuni zake, nalo laweza kuchunguzwa, kupimwa na kuelezwa kama vile tuelezavyo desturi za ndoa au ngeli za majina.

Neno tutakalo kulionyesha katika makala hii ni hili. Katika nchi ya Tanga, mahali watu waendako pamebadilika sana tangu karne ya 19, hata mkondo umegeuka kabisa, na nchi iliyokuwa ikipokea wageni imekuwa nchi ya kutoa wana wake. Walakini umri wa kwenda haukubadilika sana. Njia hugeuka pamoja na zamani; umri huamriwa na mambo yasiyogeuka upesi, yaani kumaliza mafunzo, kutafuta mahari, kuolewa, kulea na kuzeeka. Basi mtu atakaye kufahamu habari za kuhama asihesabu vichwa peke yake, bali ahesabu na miaka.

I. Maneno ya kuhama

Tuanze na lugha yenyewe, maana Kiswahili kimekwisha kupambanua mambo mengi ambayo wenye hesabu walikuja kuyapambanua baadaye. Kusafiri si kuhama. Asafiriye huacha moto wake jikoni, na ahamaye huuchukua. Ahamiaye mahali, akakaa hata akazoea, huitwa mlowezi, kwa neno kulowea. Awezaye kuhama mara kwa mara bila ya kutulia husemwa kuwa anahamahama. Wavuvi wetu wa pwani wana neno jingine, nalo ni dago, yaani kambi ya wavuvi katika ufuo wa mbali. Waendao dago hufuata samaki na pepo za kaskazi na kusi, nao hurudi kwao msimu ukiisha. Mvuvi wa Pemba aliye dagoni katika ufuo wa Tanga hasemi kwamba amehama, ijapokuwa amekuwako miezi mingi.

Tena angalieni maswali mawili ambayo mtu wa pwani humwuliza mgeni: "Wakaa wapi?" na "Kwenu ni wapi?" Mgeni aweza kujibu kwamba akaa Dar es Salaam, na kwao ni Muheza, wala hakuna aonaye kwamba majibu haya yapingana. Hesabu ya watu, yaani sensa, huuliza karibu maswali hayo hayo: mtu akaa wapi siku zote, na alizaliwa wapi. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo huitwa kuhama. Ila neno "kwetu" lina uzito kuliko mahali pa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya mjini aweza kusema kwamba kwao ni Lushoto, kwa sababu babu yake amezikwa huko. Kwa mwandishi wa sensa mtoto huyo ni mwenyeji wa mji, na kwa ukoo wake ni mtu aliye safarini. Tutaona chini kwamba neno hili "kwetu" ndilo huwarudisha wazee.

Hata majina ya umri yamepangwa katika lugha yetu kama vituo vya njia: mtoto mchanga, mtoto, kigoli na mvulana, mwali na barobaro, mtu mzima, mtu wa makamo, mzee, ajuza na shaibu. Kila kituo kina safari yake.

II. Kanuni ya umri

Mtu aliyeanza kuziandika kanuni za kuhama ni E. G. Ravenstein, aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Uingereza. Wasomaji wetu wana sababu ya kumjua, kwa maana ndiye aliyeandika maelezo ya jiografia katika kitabu cha safari za Krapf kilichotolewa mwaka 1860, naye baadaye alichora ramani kubwa ya Afrika ya Mashariki. Krapf alifika Usambara mwaka 1848, akapokewa na Kimweri, mfalme wa Washambaa, akarudi tena mwaka 1852. Basi mtu yule yule aliyeshughulika na ramani ya nchi yetu alitoa mwaka 1885 makala juu ya kanuni za kuhama, akizitafuta katika hesabu za watu wa Uingereza. Alionyesha kwamba wengi wahamao huenda mwendo mfupi. Na kwamba kila mkondo una mkondo mdogo wa kuurudi. Tena kwamba wanawake huhama kuliko wanaume katika safari fupi, na wanaume huwazidi katika safari za mbali.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1981, Andrei Rogers na Luis Castro walizikusanya hesabu za nchi nyingi, wakaona kwamba kuhama kwa umri kuna sura moja karibu kila mahali. Sura hiyo twaweza kuieleza kwa maneno matupu bila ya mchoro. Watoto wachanga huhama sana, kwa sababu wazazi wao wangali vijana, na mtoto hubebwa mgongoni. Watoto wa shule huhama kidogo, maana shule imewafunga na wazazi wao wamekwisha kutulia. Baada ya shule mstari hupanda ghafula kama ngazi, ukafika juu kabisa kwa watu wa miaka 20 hivi hata 25. Kisha huteremka pole pole katika utu uzima. Mahali pengine huinuka tena kidogo kwa wazee waachao kazi.

Msomaji aweza kuuliza kwamba sura hii, iliyotolewa katika hesabu za Ulaya na Marekani na kwingineko, yatuhusu nini sisi. Jibu ni kwamba sura ni moja, lakini sababu ziletazo kila pindo la mstari ni za kila nchi. Hizo sababu za kwetu ndizo zatupasa kuzijua.

III. Zamani za kuja Tanga

Kabla ya reli, mlango wa nchi hii ulikuwa Pangani. Misafara ilipanda kwa kufuata bonde la mto mpaka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ikarudi na pembe. Wanyamwezi nao walishuka pwani kwa upagazi, nao aghalabu walikuwa vijana. Kwao kuiona bahari ilihesabiwa kuwa ni sifa ya ujana, na mtu akiisha kurudi alionekana kuwa amekomaa na afaa kuoa. Hapa twaona mara ya kwanza ile kanuni yetu: safari iko kati ya utoto na ndoa.

Yatupasa kutenga hapa jambo moja. Watumwa nao walichukuliwa kupita njia hizo hizo, na wafanya biashara walipenda watoto na vijana. Umri ulikuwa ule ule, lakini wale hawakuhama, walihamishwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikatazwa Unguja mwaka 1873, na hali ya utumwa ilifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Mwenye kuchunguza koo za pwani na asichanganye habari hizi mbili.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Pangani ikaachwa kando, na njia ya watu ikageukia Tanga. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona ni 62 tu, na katika hiyo yakatoka mashamba yaliyoifunika nchi toka Pangani na Muheza hata Korogwe na kuendelea. Mkonge wataka watu wengi: wa kulima, wa kukata majani na kuyafunga matita, wa kazi ya korona, wa kuanika na kupiga brashi. Wenyeji hawakutosha, tena hawakupenda. Mshambaa na Mbondei walikuwa na mashamba yao wenyewe, nao waliona hasara kuacha jembe lao kwa jembe la mtu mwingine. Wajerumani walijaribu kuwashurutisha. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto, ilitolewa mwaka 1907 amri ya kadi, kwamba kila mwanamume awafanyie wazungu kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Basi watu wakatafutwa mbali. Walikuja Wanyamwezi na Wasukuma, kisha Waha na Warundi kutoka magharibi, Wabena na Wangoni kutoka kusini, na Wamakonde kutoka pande zote mbili za mto Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandika wafanya kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliyeandikwa alipewa namba, na kwa hiyo watu wakaitwa manamba. Neno hili lilianza kuwa jina la kazi, likaishia kuwa jina la dharau. Hata leo mtu aweza kusema "sikuja hapa kwa manamba", maana yake sikuletwa, nimekuja kwa hiari yangu.

Manamba walikuwa watu wa umri gani? Aghalabu barobaro na watu wazima ambao bado wana nguvu. Wenye mashamba hawakuandika watoto wala wazee kwa mkataba wa kukata mkonge. Lakini haitoshi kusema kwamba mwenye kazi ndiye aliyechagua umri. Kule walikotoka palikuwa na mambo mawili yaliyomsukuma kijana. La kwanza ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaongeza kodi ya kichwa juu ya wanaume wazima. Basi siku mtu aliyohesabiwa kuwa mzima ndiyo siku aliyohitaji fedha. La pili ni mahari. Mahari yalipoanza kutakwa kwa fedha, kijana asiye na ng'ombe wa baba yake hakuwa na njia ila kwenda kuitafuta. Kodi ilimfukuza na mahari yalimwita, na vyote viwili vilimpata katika miaka ile ile. Ndiyo sababu safari ikawa ya umri mmoja, ijapokuwa watu walitoka kabila mbalimbali na nchi zilizo mbali mbali.

Katika kambi za mkonge mwanamume alipewa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kadi ikijaa. Wengi walimaliza mkataba wakarudi kwao. Wengine walilowea, wakaoa, wakapata shamba pembeni mwa mkonge. Na kwa hiyo hata leo wako katika Muheza, Korogwe na Pangani watu ambao babu zao walitoka Kigoma au Songea au ng'ambo ya Ruvuma, nao hawajui lugha ila Kiswahili.

IV. Utani, desturi ya watu wasio na wazee

Nchi iliyojaa vijana wageni ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: wazee hawakuwapo. Nani atamzika mtu aliyekufa kambini, hali baba yake na mjomba wake wako mwendo wa siku nyingi? Hapo ndipo utani ulipofanya kazi yake. Watu wengi hudhani kwamba utani ni mzaha tu, walakini mtani ndiye aliyejuzu kushika maiti, kuchimba kaburi, kuwachekesha waliofiwa na kudai haki yake kwa kazi hiyo. Makabila yaliyokutana katika misafara, au yaliyopigana zamani yakapatana, yalikuwa na utani. Na kijana aliyefika ugenini aliweza kumtafuta mtani wake kama atafutavyo ndugu.

R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, alikusanya habari za utani wa makabila mengi ya Tanganyika na kuzitoa katika miaka ya 1940. Si ajabu kwamba uchunguzi wa namna ile ulifanyika huku kwetu, kwa maana mashamba yalikuwa yamekusanya makabila ya nchi nzima mahali pamoja. Basi na tusome utani kuwa ni dawa ya ugonjwa wa umri: ni njia ya kuwapatia vijana ndugu na wazee waliowaacha nyuma.

V. Mkondo ulivyogeuka

Mji wa Tanga ulikuwa na watu 38,000 hivi katika hesabu ya 1957, na 61,000 hivi mwaka 1967, nao ulikuwa mji wa pili katika Tanzania Bara. Mwaka 1978 ulikuwa na watu 103,000 hivi, lakini Mwanza ilikuwa imekwisha kuupita kwa watu 110,000 hivi. Sababu zilikuwa nyingi. Mkonge ulifika kilele mwaka 1964, tani kama 230,000 katika nchi nzima. Kisha kamba za nailoni na za namna hiyo zikauharibu soko lake, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na baadaye. Mwisho wa karne ya 20 mavuno yalikuwa kama tani 20,000 tu. SILABU haikudumu miaka mingi baada ya uhuru wa 1961. Viwanda vilivyojengwa Tanga baada ya uhuru, baadhi yao vilifungwa katika miaka ya 1980 na 1990.

Wakati huo huo njia ya Dar es Salaam ilifunguka. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na reli ya kati kwa njia ya Mnyusi na Ruvu, na barabara ya Segera na Chalinze ikawa njia ya mabasi. Kijana wa Korogwe ambaye babu yake aliona wageni wakija kutoka Kigoma alipanda basi asubuhi, akafika Dar es Salaam siku ile ile.

Na tuzitazame hesabu za karibu. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205 mwaka 2012, na 2,615,597 mwaka 2022; yaani kwa kila watu 100 waliongezeka 28. Nchi nzima iliongezeka kutoka watu 44,928,923 hata 61,741,120. Yaani 37 kwa kila 100. Pengo hili lote si la kuhama, maana kuzaliwa na kufa vimo pia. Hata hivyo maswali ya mahali pa kuzaliwa yameonyesha kwamba Tanga ni katika mikoa ambayo wazaliwa wake waliotoka ni wengi kuliko wageni walioingia.

Tena mkondo wenyewe umekwisha kuanza kupinda mara nyingine. Dar es Salaam, iliyoongezeka upesi mno kati ya 2002 na 2012, iliongezeka watu 23 tu kwa kila 100 kati ya 2012 na 2022. Lakini mkoa wa Pwani, unaoizunguka, ulitoka watu 1,098,668 ukafika 2,024,947, yaani 84 kwa kila 100. Mji umemwagika kingo zake. Kijana asiye na mke hupanga chumba karibu na kazi. Akiisha kuoa na kupata watoto hutafuta kiwanja pembeni. Hapo tena umri ndio umchaguliao mtu mahali.

Sasa angalieni jinsi jumla iwezavyo kuficha mambo. Mwaka 2012 mkoa wa Tanga ulikuwa na wanaume 992,347 na wanawake 1,052,858, yaani wanaume 94 kwa wanawake 100. Nchi nzima ilikuwa na 95 kwa 100. Mwenye kutazama hesabu hiyo peke yake atasema kwamba Tanga haina tofauti na nchi nyingine, wala hakuna aliyeondoka. Atakuwa amekosea, kwa sababu siku hizi wasichana nao huondoka kama wavulana, na wote wawili huondoka katika umri mmoja. Mizani ya wanaume na wanawake imebaki sawa. Mizani ya vijana na wazee ndiyo iliyoinama.

Tufanye mfano. Tuseme kijiji kina watu 600. Mwaka huu wameondoka vijana 30, na wameingia wazee 15 waliostaafu na wajukuu 15 walioletwa kulelewa. Mwandishi wa hesabu atakuta watu 600 kama mwaka jana, ataandika kwamba kijiji hakikubadilika. Walakini kijiji kimepoteza mikono 60 ya kulima, kikapata vinywa 30 vya kulishwa. Ndivyo malalamiko ya mwalimu yawezavyo kuwa ya kweli na kitabu cha hesabu kikawa cha kweli vile vile.

VI. Safari za wanawake, watoto na wazee

Habari za manamba zimesimuliwa sana, hata watu wamedhani kwamba kuhama ni jambo la wanaume. Ravenstein alikwisha kuonyesha kwamba sivyo, na desturi zetu zamthibitisha. Msichana aliyeolewa akaenda kukaa kwa mumewe amehama, hata kama ni kijiji cha pili tu ng'ambo ya mto. Safari yake haionekani katika hesabu za mikoa, kwa kuwa hakuvuka mpaka wa mkoa. Lakini kwake yeye ni safari ya maisha. Zamani umri wake ulipimwa kwa desturi: kigoli hakuondoka, mwali akiisha kutolewa ndani aliweza kuolewa na kuondoka. Siku hizi shule imeingia kati ya mwali na ndoa. Tena kati ya shule na ndoa imeingia kazi, hasa kazi za nyumbani mjini, ambazo huwachukua wasichana wakiwa wadogo kuliko wavulana. Hapa mwalimu aangalie sana, maana msichana aondokaye na miaka 14 hajawa kijana atafutaye maisha, bali ni mtoto aliyetumwa na shida ya wazazi.

Watoto nao wana safari zao. Mmoja huenda na wazazi; mwingine hupelekwa chuoni au shuleni kwa ndugu; mwingine hurudishwa kijijini kwa bibi, wazazi wakibaki mjini. Desturi ya kumpa bibi mjukuu alelee ni ya kale, nayo ni heshima kwa pande zote mbili. Lakini zamani bibi alikuwa na wanawe karibu naye wa kumlimia. Bibi wa leo mwenye wajukuu wanne na hakuna kijana nyumbani amebebeshwa mzigo wa watu wawili. Mwalimu akiona mtoto achelewaye shule, aulize kwanza ni nani amwamshaye asubuhi.

Tukija kwa wazee, twakuta lile neno "kwetu" likifanya kazi. Wahenga wa pwani walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumboni mwake, atembeaye chomboni mbele na nyuma, mwisho hurejea katikati. Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na kwa hiari akiwa na 55. Na wengi wamekwisha kujenga kwao kabla ya siku hiyo. Minazi ya baba, mashamba ya ukoo na makaburi huwaita. Walakini si wazee wote warudio. Mjane aliyebaki peke yake aweza kuchukuliwa na mwanawe mjini; na hivyo, wakati mwanamume arudipo kijijini, mwanamke wa umri ule ule aweza kuondoka. Kwa hiyo katika uzee njia huwa mbili, na zapishana.

Yuko pia mtu asiyerudi kwa kuwa hana pa kurudi. Wajukuu wa manamba, na watu wa milima ya Usambara ambako ardhi imekuwa haba kwa wingi wa watu, hawana shamba liwangojalo. Wao ndio walowezi wa kweli.

VII. Safari isiyochagua umri

Ili kuthibitisha maneno haya, tulinganishe na safari moja ya namna nyingine. Kati ya 1973 na 1976 serikali ya Tanzania iliwakusanya watu wa mashamba katika vijiji, kwa jina la Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa. Huko hakukuwa na ngazi ya umri: mtoto, barobaro, mama mjamzito na shaibu walikwenda siku moja. Basi twaweza kupata kipimo: watu wanapohama kwa hiari au kwa shida zao wenyewe, vijana hutangulia, na watu wa kila umri wanapoondoka pamoja kutoka mahali pamoja, aghalabu pana amri, au vita, au njaa. Mwenye kusoma habari za zamani na atumie kipimo hiki. Masimulizi ya ukoo yakisema "tulihama wote na wazee wetu na mifugo yetu", aulize ni nini kilichowafukuza.

VIII. Jinsi ya kuchunguza

Sensa haiwezi kuona yote. Mtu aliyekwenda Dar es Salaam akiwa na miaka 20 akarudi Muheza akiwa na 40 huandikwa kuwa mkaaji asiyehama, maana anakaa alikozaliwa. Kwa sababu hii hesabu ya 2012 iliuliza pia mtu alikaa wapi mwaka uliotangulia. Tena watu hupenda kutaja umri wenye mwisho wa 0 au 5, hata katika madaftari wakaonekana watu wengi wa miaka 30 na wachache wa miaka 31. Mwalimu akaaye kijijini, awajuaye watu kwa majina ya baba zao, aweza kufanya vema zaidi. Daftari la shule la miaka 15 iliyopita latosha kuwa mwanzo. Achukue majina ya darasa moja, kisha aulize juu ya kila mmoja:

1. Yuko wapi sasa? Na kama aliondoka, alikuwa na miaka mingapi?

2. Alikwenda wapi kwanza, na kwa nani? Maana wachache huenda mahali wasipokuwa na mtu.

3. Sababu yake ni ipi: shule, kazi, ndoa, ugomvi, maradhi, au kukosa shamba?

4. Amerudi? Ikiwa amerudi, alirudi akiwa na miaka mingapi, na kwa sababu gani?

5. Ana watoto? Nani awalea, na wapi?

Umri usipojulikana, mtu aulizwe kwa matukio: alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa uhuru (1961), wakati wa Azimio la Arusha (1967), wakati wa kuhamia vijijini (1974), wakati wa vita vya Kagera (1978 na 1979), au wakati wa mvua kubwa za El Niño (1997 na 1998). Jumla ya majibu iandikwe kwa umri, wanaume mbali na wanawake mbali. Na mara itaonekana ngazi ile tuliyoieleza, tena itaonekana kwamba kijiji hiki kina ngazi yake na kijiji cha pili kina nyingine.

Faida ya kazi hii si elimu tupu. Mwaka 2017 liliwekwa jiwe la msingi huko Chongoleani, karibu na mji wa Tanga, la bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda. Na kazi za namna hii huweza kuugeuza mkondo tena, wageni wakaja Tanga kama walivyokuja zamani za mkonge. Hatujui watatoka wapi, lakini umri wao twaweza kuukisia leo. Watakuja barobaro na wanawali, bila ya wazee wao, wakihitaji chumba, na mtu wa kuwaonya, na siku ya msiba mtu wa kuwazika. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Na vijiji vile vitakavyowatoa vitabaki na mabibi na wajukuu, wala haitakuwa kwa uvivu wala kwa kuharibika kwa tabia, kama watu wasemavyo kwa haraka. Itakuwa kwa sababu umri wa kwenda umefika. Kazi ya mwalimu ni kujua mapema ni nani atakayebaki, na nani atamsaidia.